Zamu ya Kwanza Mferejini: Uchambuzi wa Kisa cha Madini ya Risasi katika Ploti Moja ya Kariobangi

Kisa hiki kilianza kama kisa cha upungufu wa damu. Mtoto wa kike wa miezi 10 alikuwa amepewa dawa ya kuongeza madini ya chuma kwa wiki nane, lakini damu yake haikupanda kama ilivyotarajiwa, na juu ya hayo alikuwa akifunga choo na kukataa chakula. Tabibu wa kliniki alipouliza kuhusu kazi ya baba, mama alijibu kwamba baba hufufua betri kuukuu za magari katika karakana iliyo mwendo mfupi kutoka nyumbani kwao, Kariobangi, jijini Nairobi. Jibu hilo ndilo lililomfanya tabibu aagize kipimo ambacho katika kliniki zetu huagizwa kwa nadra sana, yaani kipimo cha madini ya risasi katika damu ya mshipa. Majibu yalionyesha mikrogramu 8 kwa desilita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara tu kiwango kinapofikia mikrogramu 5, na unasisitiza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mimi, kama afisa wa afya ya umma, nilipewa kazi ya kukitafuta chanzo hicho. Ninayaandika haya kwa idhini ya familia mbili zilizohusika, na majina yao nimeyahifadhi.

Neno lenyewe lilinipa taabu tangu siku ya kwanza. Nilipowaambia wapangaji kwamba mtoto amepatikana na risasi mwilini, mama mmoja mzee alishika kichwa, kwa sababu katika mtaa ule risasi ni kitu kinachotoka katika bunduki. Ili kuwatuliza nikaeleza kwamba ninamaanisha yale madini mazito yaliyomo ndani ya betri ya gari. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli na yalieleweka upesi, lakini kabla sijamaliza sentensi niliona macho yote yakimgeukia baba wa mtoto. Nilikuwa nimemhukumu bila kukusudia.

Ni lazima niseme kwamba hata mimi nilimshuku. Wakenya wengi tumejifunza hatari ya risasi kutokana na mateso ya watu wa Owino Uhuru huko Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua makazi ya watu kwa miaka kadhaa, hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru mwaka wa 2020 kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo katika fikira zetu risasi ni mambo ya moshi, tanuri na vumbi, na mfanyakazi wa betri ndiye anayeibeba hadi nyumbani katika nguo zake. Hatari hiyo ipo kweli. Baba alikuwa akirudi na ovaroli ya kazi, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba kimoja wanachoishi wote watatu, na kumpakata mtoto kabla ya kuoga. Tulimwelekeza aache ovaroli na viatu karakanani, aoge kabla ya kumgusa mtoto, na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Aliyafanya yote bila kubishana. Mkewe alikuwa amekwisha kumwambia kwamba amemletea mtoto sumu, naye alikuwa ameanza kulala kwa kaka yake huko Dandora ili asiwe karibu na bintiye.

Lau tungeishia hapo, faili ingefungwa na kila mtu angeridhika, kwa kuwa mtuhumiwa alikuwa tayari amekubali kosa. Kilichotuzuia ni mtoto wa jirani. Mama wa chumba cha tatu, ambaye mumewe ni dereva wa matatu na hana uhusiano wowote na betri, aliomba mwanawe wa kiume wa miezi 8 apimwe pia. Mtoto huyo alikuwa na mikrogramu 6 kwa desilita. Kwa kweli ombi lake lilitokana na hofu tu, na gharama ya kipimo haikuwa ndogo kwake, lakini ndilo lililookoa uchunguzi wote. Familia hizi mbili hazikula pamoja, na watoto walikuwa bado hawajaanza kucheza uani. Rangi za kuta tuliziangalia kwanza, tukakuta vyumba vyote viwili vimepakwa chokaa. Walichoshiriki kwa hakika ni mfereji mmoja wa ploti, yaani koki ya maji ya wapangaji wote, na wote wawili walinyweshwa maziwa ya kopo, kwa kuwa mama zao walirudi kazini mapema.

Nilipouliza habari za maji, mama wa mtoto wa kwanza alinijibu kwa uhakika wa mtu aliyefundishwa vizuri na kuyashika mafunzo yake.

“Daktari, maji ya mtoto mimi huyachemsha mara mbili. Huyachemsha jioni, nikayachemsha tena asubuhi kabla ya kukoroga maziwa.”

Mimi si daktari, lakini sikumsahihisha. Kilichonisumbua ni kwamba alikuwa akitekeleza kwa ukamilifu ujumbe ambao sisi wenyewe tumeuhubiri katika kila mlipuko wa kipindupindu na homa ya matumbo. Kuchemsha huua viini, na klorini huua viini, lakini risasi si kiumbe hai na haiwezi kuuawa. Maji yanapochemka, mvuke huondoka na risasi hubaki, hivyo lita tatu zikichemshwa hadi zikabaki lita mbili na nusu, kila kikombe kitakuwa na risasi zaidi kuliko awali. Mtoto anayeishi kwa maziwa ya kopo hupata karibu chakula chake chote kupitia maji hayo. Isitoshe, tumbo la mtoto mchanga linaweza kunyonya hadi nusu ya risasi inayomezwa, ilhali tumbo la mtu mzima hunyonya takriban sehemu moja kwa kumi, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya zaidi, kwa sababu mwili unaotafuta chuma huipokea risasi kupitia mlango ule ule. Kwa hiyo upungufu wa damu uliomleta mtoto kliniki ulikuwa pia ukimfungulia risasi njia.

Sasa niieleze ploti yenyewe. Ina vyumba 12 katika safu mbili zinazotazamana, na katikati kuna uwanja wa saruji. Mita ya maji iko kando ya lango, katika kisanduku cha chuma. Kutoka kwenye mita, bomba la chuma lililopakwa zinki, la kipenyo cha inchi moja, linapita chini ya saruji kwa takriban mita 20 hadi kwenye mfereji ulio mwisho wa uwanja. Mtaa uko katika mgao, na wakati tulipofanya uchunguzi maji yalikuwa yakifika mara mbili kwa wiki, mara nyingi usiku wa manane au alfajiri. Siku zote za katikati, maji yaliyobaki katika bomba hutuama humo.

Saa ya maji kufika ina desturi yake, na desturi hiyo ndiyo kiini cha kisa hiki. Msimamizi wa ploti, ambaye wapangaji humwita keyateka, hugonga milango, na watu hupanga jerikeni zao. Kwa makubaliano ya miaka mingi, wanawake wenye watoto wachanga hutangulizwa: kila mmoja huteka kwanza mtungi mdogo wa lita 5 kwa ajili ya mtoto, kisha foleni huendelea na jerikeni za lita 20 kwa ajili ya kufua, kupika na kuoga. Wakati huo mama wenye watoto wachanga walikuwa wawili tu. Niliposikia utaratibu huo niliandika katika daftari langu: “Nani huteka kwanza?” na nikaupigia mstari mara mbili.

Tulipanga kuchukua sampuli usiku wa mgao, kabla mtu yeyote hajaugusa mfereji. Chupa zilikuwa zimeoshwa kwa asidi na kutiwa matone ya asidi ya nitriki ili risasi isigande kwenye kuta zake. Lita ya kwanza kutoka mferejini ilikuwa na mikrogramu 61 kwa lita. Lita ya tano ilikuwa na 14, na lita ya 15 ilikuwa na 2. Maji tuliyoyachukua kwenye mita, baada ya kufungua kiungo na kuyaacha yatiririke, yalikuwa na chini ya 1. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita. Usiku wa mgao uliofuata tuliupima mtungi mzima wa lita 5 uliotekwa kwa zamu ya kwanza, tukapata 24.

Hesabu ya bomba inaeleza tarakimu hizo vizuri kuliko maneno yangu. Bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 20 hubeba takriban lita 10. Hiyo ina maana kwamba lita 10 za kwanza zinazotoka mferejini si maji ya mtaani hata kidogo. Ni maji yaliyolala ndani ya bomba na ndani ya mfereji kwa siku mbili au tatu, yakiila metali taratibu. Mitungi miwili ya lita 5, ya mama wawili wenye watoto wachanga, iliyamaliza maji hayo barabara. Mpangaji wa tatu katika foleni, ambaye alihitaji maji ya kufulia, ndiye aliyeanza kupata maji safi. Heshima waliyopewa mama hawa na majirani zao, ambayo ni miongoni mwa mambo mema niliyoyaona katika mtaa ule, ndiyo iliyokuwa ikiwapa watoto wao sehemu mbaya kuliko zote. Sijui kama niliwahi kuwa na habari ngumu zaidi ya kuwaeleza watu, maana hapakuwa na mtu aliyekosea.

Tofauti kubwa kati ya lita ya kwanza na ya tano ilitupeleka kwenye mfereji wenyewe. Ulikuwa mpya, wa shaba ya njano, uliofungwa miezi mitano kabla baada ya ule wa zamani kuibwa na wauza vyuma chakavu. Watengenezaji huchanganya risasi katika shaba ya njano kwa sababu huifanya iwe rahisi kukatwa na kuchongwa, na koki mpya huachilia risasi nyingi zaidi katika wiki na miezi yake ya mwanzo. Koki ya bei ya chini inayouzwa bila alama yoyote ya kiwango haimpi mnunuzi njia ya kujua ina risasi kiasi gani. Tusidhani kwamba huu ni udhaifu wetu peke yetu: Marekani, iliyopiga marufuku mabomba mapya ya risasi mwaka wa 1986, iliruhusu koki zenye risasi hadi asilimia 8 ziitwe zisizo na risasi mpaka mwaka wa 2014, kiwango hicho kiliposhushwa hadi asilimia 0.25. Bomba nalo lilichangia, kwa kuwa zinki inayopakwa juu ya chuma huweza kuwa na risasi ndani yake, na kila mgao unaporejea kwa kishindo baada ya siku za ukavu, chembe za kutu na zinki hung'oka na kusukumwa mbele.

Maji yenyewe yana tabia inayofaa kutajwa. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, na mengine Sasumua, yakikusanywa kutoka mito ya safu za Aberdare. Ni maji laini, yenye chokaa kidogo, yanayopendeza kwa kufulia kwa sababu sabuni hutoa povu upesi. Lakini maji laini hayaachi ule utando wa chokaa ambao katika miji mingine hufunika sehemu ya ndani ya bomba na kuikinga metali. Simaanishi kwamba maji yanayotoka kwenye mitambo ya kusafishia maji ya Ng'ethu au Sasumua ni mabaya. Kipimo chetu cha kwenye mita kilionyesha kinyume kabisa. Ninachosema ni kwamba maji yanayoondoka mtamboni yakiwa safi bado yana uwezo wa kula kile yanachopitia.

Mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ulilijua jambo hili kwa uchungu. Mwezi wa Aprili 2014, ili kupunguza gharama, mji huo uliacha kununua maji ya Detroit yanayotoka Ziwa Huron na kuanza kutumia maji ya Mto Flint, ambayo yalikula mabomba zaidi, bila kutiwa fosfati ya kuzuia ulikaji. Wakazi walilalamikia rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama. Mwezi wa Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba idadi ya watoto waliokuwa na risasi ya mikrogramu 5 au zaidi katika damu ilikuwa imepanda kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9, na mwezi uliofuata mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Katika habari hiyo yote kuna kipengele kimoja ambacho nilikikumbuka nikiwa nimeinama juu ya mfereji wa Kariobangi: maelekezo waliyopewa wakazi wa Flint kuhusu kuchukua sampuli yaliwataka wayaache maji yatiririke usiku uliotangulia. Kufanya hivyo huisafisha njia, na risasi hujificha. Nasi pia, kama tungefika ploti saa nne asubuhi baada ya vyumba 12 kuteka maji, tungeondoka na sampuli ya mikrogramu 2 na barua ya kuwahakikishia wapangaji kwamba maji yao hayana kasoro.

Kulikuwa na chanzo kingine katika nyumba ya kwanza, nacho nitakieleza kwa ufupi. Mama alipika uji wa mtoto katika sufuria nzito ya alumini iliyomiminwa na mafundi kutoka vyuma chakavu, na uji huo huutia ndimu. Tulichemsha maji yale ya lita ya 15 pamoja na ndimu kwa saa moja katika sufuria hiyo, na kiasi kingine katika sufuria ya stili isiyoshika kutu. Ya kwanza ilitoa 19, ya pili ikatoa 3. Vyuma chakavu vinavyoyeyushwa pamoja huwa na mchanganyiko wa kila aina, na asidi ya ndimu huvuta risasi kutoka humo. Inawezekana kwamba sufuria hii, pamoja na vumbi la ovaroli, ndiyo sababu ya mtoto wa kwanza kuwa juu kuliko wa jirani, ingawa vipimo vyetu haviwezi kugawanya lawama hadi tone la mwisho. Niliona ni wajibu wangu kumwambia baba, mbele ya mkewe na mbele ya majirani waliokuwepo siku ile ya kwanza, kwamba mtoto wa jirani amepata risasi bila betri yoyote. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama sasa anaweza kumpakata. Nikamwambia, “Oga kwanza, ndugu yangu, halafu mpakate.”

Baada ya hapo lilibaki swali la nani atarekebisha, na swali hili lilichukua muda mrefu kuliko uchunguzi. Kampuni inayosambaza maji huwajibika hadi kwenye mita, na hadi hapo maji yalikuwa sawa. Kutoka kwenye mita kwenda ndani, mali ni ya mwenye ploti. Mwenye ploti alisema alimpa keyateka pesa za kununua koki. Keyateka alisema alinunua kilichouzwa dukani. Na mwenye duka hakuwa na stakabadhi ya kuonyesha koki zilitoka wapi. Kila mmoja alisema ukweli. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kwa maoni yangu haki hiyo haiwezi kusimama langoni kwenye kisanduku cha mita, kwa sababu hakuna mtoto anayenywa maji ya kwenye mita. Ukaguzi wa nyumba za kupangisha, unaoangalia vyoo na mitaro, ungepaswa kuangalia pia mabomba na koki, na maabara za umma zingepaswa kupokea chupa ya maji kutoka kwa mpangaji wa kawaida kwa ada anayoiweza. Tulilipia vipimo vyetu kwa kuchanga.

Yaliyofanyika ni haya. Mwenye ploti alikubali kufunga mfereji wa plastiki, ambao kwa kweli ulikuwa wa bei nafuu kuliko wa shaba. Sufuria ya kumiminwa iliondolewa katika mapishi ya mtoto. Kuhusu bomba la chini ya saruji, mwenye ploti ameahidi kulibadilisha atakapoitengeneza sakafu ya uwanja, na hakutaja mwezi.

Lililobaki lilikuwa zamu. Miongozo mingi ya nje inashauri kuyaacha maji yatiririke dakika kadhaa kabla ya kunywa, lakini siwezi kumpa ushauri huo mtu anayesubiri maji kwa siku tatu na anayelipia kila jerikeni. Tuliketi na wapangaji uwanjani tukaieleza ile hesabu ya lita 10. Wao wenyewe ndio waliopata utatuzi: ndoo ya kwanza, iliyopimwa na kutiwa alama ya rangi nyekundu, huwa ya kufulia na kupigia deki, na huchukuliwa na kila chumba kwa zamu, jerikeni ya kwanza baada ya hiyo pia hutumika kufulia, kisha mama wenye watoto wachanga huitwa. Bado wanatangulizwa mbele ya wengine wote katika maji ya kunywa. Mama mzee aliyeshika kichwa siku ya kwanza ndiye anayeisimamia ndoo nyekundu, na hakubali ibadilishwe matumizi.

Miezi mitatu baadaye tulirudi usiku wa mgao. Lita ya kwanza ilikuwa na mikrogramu 9, lita ya tano ilikuwa na 11, na mtungi wa mtoto uliotekwa kwa utaratibu mpya ulikuwa na 2. Damu ya mtoto wa kwanza ilikuwa imeshuka hadi 5, na ya mtoto wa jirani hadi 4. Risasi iliyo katika damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, lakini ile iliyokwisha kuingia mifupani hukaa kwa miaka mingi, na kwa binti huweza kuachiliwa tena atakapobeba mimba yake mwenyewe. Kwa hiyo kliniki itaendelea kumfuatilia, na dawa ya madini ya chuma, ambayo sasa imeanza kufanya kazi, itaendelea kutolewa. Lita ya tano bado imezidi kiwango kwa sababu bomba ni lile lile, na nimeandika tarehe ya kurudi kwa mwenye ploti kuulizia habari za sakafu.